Katuni Tano na Nafasi ya Mlezi



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Wapenzi wasomaji, katika likizo ya Aprili, siku chache baada ya Idi, nilikuwa bara katika miji ya Kitale na Bungoma kwa mfululizo wa darsa za familia. Huko ziko nyumba nyingi za watu wetu wa pwani waliopelekwa na kazi au biashara, wakakaa, wakaoana na wenyeji, na leo wajukuu wao wanalima mahindi na kusema Kibukusu kama waliozaliwa nacho. Nilijitayarisha kuulizwa kuhusu zaka ya mahindi, kwani huo ndio uchumi wa Trans Nzoia, na hakika niliulizwa. Lakini suala lililonifuata nyumba hata nyumba lilikuwa la namna nyingine: "Shekhe, hizi katuni zilizoshindania Oscar mwaka huu, tuwaachie watoto au tuwanyime?"

Sababu ya suala hilo haikuwa ngumu kuielewa. Shule zimefungwa, mvua zinanyesha kila alasiri, baridi ya Kitale haimruhusu mtoto kukaa nje, na vijana wa maduka ya filamu wamezitia katuni zote tano katika flashi moja wanayoiuza kama kitulizo cha likizo. Mzazi huichomeka flashi kwenye runinga, akawaketisha watoto mkekani, akaufunga mlango na kwenda zake dukani au shambani. Kwake yeye katuni ni katuni, na katuni ni chakula cha watoto kama uji.

Sikutaka kujibu nisilolijua. Wanazuoni wetu wametufundisha kwamba hukumu ya jambo hutanguliwa na kulijua jambo lenyewe. Kwa hiyo niliziangalia zote tano, moja baada ya nyingine, usiku baada ya sala ya Isha, pamoja na watu wazima wa nyumba nilizofikia. Haya ninayoyaandika nawaandikia wazazi wa pwani pia, maana flashi ile haikuishia Kitale.

Tuzo yenyewe

Oscar ni tuzo ya Marekani, na ndiyo mashuhuri zaidi katika ulimwengu wa filamu. Fungu la filamu ndefu za katuni lilianza kutuzwa mwaka 2002, na ya kwanza kushinda ilikuwa Shrek. Mwaka 2025 sherehe ilifanyika Los Angeles jioni ya tarehe 2 Machi. Kwetu ilikuwa saa tisa za usiku wa kuamkia tarehe 3, wakati wa daku, katika siku za mwanzo za Ramadhani ya mwaka 1446. Sisi tulipokuwa tukila daku, wao walikuwa wakifungua bahasha.

Zilizoshindana zilikuwa Flow ya Latvia, Inside Out 2 ya Marekani, Memoir of a Snail ya Australia, Wallace & Gromit: Vengeance Most Fowl ya Uingereza, na The Wild Robot, ya Marekani nayo, ambayo mhusika wake mkuu amepewa sauti na Mkenya mwenzetu Lupita Nyong'o. Lupita alipata Oscar yake ya uigizaji tarehe 2 Machi 2014, miaka 11 kamili kabla ya usiku huo, na wengi huku kwetu walitumaini kwamba tarehe ingejirudia kwa heri. Haikuwa hivyo. Flow ndiyo iliyoshinda, na ikawa filamu ya kwanza ya Latvia kupata Oscar.

Kabla sijazitaja moja moja, niseme neno juu ya hukumu ya katuni. Wapo wanazuoni wanaokataza kila sura ya kiumbe chenye roho, na dalili zao zinajulikana. Wapo walioruhusu sura zinazochezewa na watoto, wakitegemea habari ya wanasesere wa Bibi Aisha, Mungu amridhie. Miongoni mwao alikuwapo farasi wa matambara mwenye mbawa mbili. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipouliza habari ya mbawa zile, Bibi Aisha alimkumbusha farasi wa Nabii Suleiman, naye akacheka. Mimi nawafuata wanaoruhusu kwa masharti, na sharti la kwanza ni lile ambalo makala haya yote yanalizunguka: mlezi awepo.

Filamu moja moja

Nianze na Inside Out 2, iliyopata mapato makubwa kuliko filamu nyingine yoyote duniani mwaka 2024, zaidi ya dola bilioni 1.6. Inamhusu binti wa miaka 13, na hadithi inatendeka ndani ya nafsi yake, ambamo furaha, huzuni, hasira na woga ni watu wanaoendesha usukani. Binti anapobaleghe wanaingia wageni, mkubwa wao akiwa Wasiwasi, ambaye anaunyakua usukani na kumpeleka binti yule mahali pabaya. Wazazi wenye mabinti wa umri huo wataona mambo wanayoyajua. Kasoro yake ni kwamba katika nafsi yote ile iliyochorwa kwa ustadi, hakuna mahali pa Mola. Binti anashikwa na wasiwasi mpaka anakosa pumzi, na hana wa kumkimbilia ila yeye mwenyewe. Sisi tunayo sura nzima ya Qur'ani inayotufundisha kujikinga kwa Mola na wasiwasi. Jambo hilo filamu haitamwambia mwanao, na ni lazima mtu amwambie.

Wallace & Gromit imefinyangwa kwa udongo na kupigwa picha hatua kwa hatua. Wallace ni mvumbuzi mpenda mashine, na Gromit ni mbwa wake mwenye akili kumzidi bwana wake. Wallace amefikia kuunda mashine ya kumpapasa mbwa wake kichwani, ili yeye asipate taabu ya kunyosha mkono. Kisha anaunda kijitu cha mashine cha kutumikia bustanini, na adui akakiteka kwa hila, kikageuka kuwa jeshi la wezi. Ni filamu ya kuchekesha, nayo haina madhara. Ila mzee mmoja wa Kitale aliyekuwa akicheka nami alinyamaza ghafla akaniambia: "Shekhe, hii mashine ya kumpapasa mbwa, sisi tumewanunulia watoto wetu." Alikuwa akiitazama simu yake.

Memoir of a Snail ndiyo niliyotaka hasa kuwaonya wazazi. Nayo ni ya udongo, na kwa mbali hufanana na ile ya Wallace, hata mtu asiyejua akadhani ni za fungu moja. Si za fungu moja. Ni hadithi ya watu wazima, yenye uchi na mambo ya chumbani yasiyofaa kutajwa hapa. Huko Marekani yenyewe imepewa alama ya R, maana yake aliye chini ya miaka 17 haingii ila na mzazi au mlezi. Hapa Kenya tunayo Bodi ya Uainishaji wa Filamu, ambayo huweka alama za GE kwa wote, PG kwa watoto wakiwa na uangalizi wa mzazi, 16 na 18. Flashi haina alama yoyote. Katika nyumba moja ya Bungoma niliwakuta watoto wa miaka saba na minane wakiijua filamu hii kwa jina, kwa sababu ilikuwa ya tatu katika orodha na runinga ilijiendeshea yenyewe kutoka ya pili kwenda ya tatu. Mama yao alikuwa jikoni. Hakuwa na habari.

Hata hivyo uadilifu unanilazimisha kuongeza neno. Kiini cha filamu ile ni pacha wawili, msichana na mvulana, ambao baba yao anafariki, wakatenganishwa na kupelekwa kwa walezi mbalimbali, kila mmoja pembe yake ya Australia. Mtu mzima mwenye kulea yatima angejifunza kitu humo. Lakini wa kujifunza ni mtu mzima, si mtoto.

Flow iliyoshinda haina neno hata moja la kusemwa. Maji yanaufunika ulimwengu, binadamu hawaonekani popote, na paka mmoja mpweke anajikuta katika mashua pamoja na mbwa, kima wa Bukini aitwaye lemur, mnyama wa Amerika ya Kusini aitwaye capybara, na ndege karani, yule mwenye miguu mirefu anayepatikana pia katika mbuga zetu. Kwa kuwa haina lugha, mtoto wa miaka minne na bibi yake wa miaka sabini waliifuata sawasawa. Watoto wa magharibi ya Kenya pia hawahitaji kufafanuliwa mafuriko. Mto Nzoia hupita katika kaunti zote mbili hizi kabla ya kumwaga maji katika Ziwa Victoria huko Budalang'i, na mafuriko ya mwaka 2024 bado wanayasimulia. Mtoto mmoja wa madrasa ya Bungoma aliifasiri filamu nzima kwa jumla moja. Alisema: "Hii ni safina ya Nabii Nuhu, lakini Nabii Nuhu hayumo." Sijasikia uchambuzi mzuri kuliko huo. Kwa ufundi na utulivu wake, sioni kwamba waamuzi walimdhulumu mtu kwa kuipa tuzo.

Ama kwa nyumba ya Kiislamu, lau ningekuwa na kura ningeipa The Wild Robot. Roboti aitwaye Roz anatupwa na tufani katika kisiwa kisicho na watu. Kwa ajali anaporomokea kiota cha bata bukini, anaua wote waliomo isipokuwa yai moja. Yai linaanguliwa, na kifaranga anamfuata Roz kama mama. Kazi ya Roz ni tatu: amfundishe kula, kuogelea na kuruka kabla ya baridi kuingia, wakati ndege wanapohama. Hakuna lolote katika yale aliyoundiwa linalomwelekeza namna ya kulea. Anajifunza kwa kukosa na kurudia, na kwa kuwasikiliza wanyama waliolea kabla yake. Wahenga wetu walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na sijui kama wale wa Hollywood waliwahi kuisikia methali hii, lakini wameichora. Mtoto aambiwe tu kwamba mashine yenye moyo ni mfano wa hadithi, kwani moyo huumbwa na Mungu wala haufungwi kwa nati.

Sasa tazameni jambo ambalo mimi nililiona baada ya kumaliza zote. Katika filamu hizi tano, tatu zinahusu asiye na mlezi: paka katika mashua isiyo na nahodha, pacha waliotenganishwa, na kifaranga yatima. Na waliokuwa wakiziangalia, katika nyumba nyingi nilizopita, ni watoto waliofungiwa peke yao.

Suala la mtoto wa Kitale

Katika nyumba moja ya Kitale, ambayo sitaitaja, na mambo madogo nimeyabadili ili wenyewe wasijulikane, tuliiangalia The Wild Robot tukiwa watu kama kumi. Alikuwapo mtoto wa miaka tisa aliyemwita mwenye nyumba baba, na mkewe mama. Filamu ilipofika pale kifaranga anapoambiwa na bata wenzake, kwa kejeli, kwamba aliyemlea ndiye aliyeiangamiza familia yake, mtoto huyu aliacha kula njugu alizokuwa nazo. Ilipokwisha aliuliza bila kumtazama mtu: "Kwa nini Roz hakumwambia yeye mwenyewe kwanza?"

Hakuna aliyejibu. Mama wa nyumba aliinuka akaenda kuwasha jiko lililokuwa tayari linawaka.

Watoto walipolala, mwenye nyumba alinieleza. Mtoto ni wa dada yake, aliyeolewa Bungoma. Dada na mumewe walifariki pamoja katika ajali ya barabarani, mtoto akiwa na miezi saba. Mjomba alimchukua, na kwa huruma akamwandikisha kila mahali kwa jina lake mwenyewe. "Shekhe, tulimficha kwa mapenzi," alisema. "Tulikubaliana akikua tutamwambia." Mkewe akaongeza: "Na wenzake wameshaanza kumchokoza. Juzi alirudi madrasa akaniuliza mbona hafanani na ndugu zake."

Niliwaambia kwamba mapenzi yao hayana shaka, na malipo ya mwenye kumlea yatima ni makubwa. Mtume aliufananisha ukaribu wake na mlezi huyo Peponi na ukaribu wa vidole viwili vya mkono mmoja. Lakini sheria yetu imetenganisha mambo mawili. Kumlea yatima, yaani kafala, ni ibada. Kumbadilishia nasaba ni jambo lililokatazwa. Sahaba Zaid bin Haritha aliitwa mwana wa Muhammad mpaka Qur'ani, katika Suratul Ahzab, ilipoamuru watoto wa kulea waitwe kwa baba zao. Kama kungekuwa na mtu wa kuruhusiwa kwa sababu ya mapenzi, angekuwa Mtume.

Katazo hilo lina maana katika maisha ya kila siku. Mtoto huyu akibaleghe, mke wa mjomba si maharimu yake, wala mabinti wa mjomba si dada zake kisheria, isipokuwa kama alinyonyeshwa na mama yule kunyonya kunakothibitisha udugu wa ziwa, ambako kwa madhehebu yetu ya Shafii ni mara tano kabla ya kutimiza miaka miwili. Hakunyonyeshwa. Katika mirathi, mtoto wa dada hana fungu maadamu watoto wa marehemu wapo, kwa hiyo mjomba anayetaka kumwachia kitu hana budi kuandika wasia, usiozidi thuluthi ya mali. Na kwa upande wa babake, ana ukoo mzima Bungoma ambao una haki ya kumjua, naye ana haki ya kuujua. Haya yote yalikuwa yamefichwa chini ya jina moja lililoandikwa kwa nia njema. Hata dola yetu imelitambua suala hili: Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeitaja kafala kwa jina lake, kama njia ya Waislamu ya kumlea mtoto aliyekosa wazazi.

"Mwambieni nyinyi," niliwaambia, "kabla hajaambiwa na bata wengine."

Mjomba alimwambia baada ya sala ya Alfajiri, akiwa amemkalisha kwenye mswala na picha ya dada yake mkononi. Mtoto alilia kwa muda, kisha akaomba kitu kimoja tu, aonyeshwe kaburi la mamake. Ijumaa ile nilikuwa na darsa Bungoma, tukaondoka pamoja, tukashika barabara ya Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, na kutoka hapo Bungoma. Tulizuru makaburi ya Waislamu, akasoma Fatiha mwenyewe. Kutoka hapo tulikwenda kwa bibi yake mzaa baba, ambaye Wabukusu humwita kukhu. Mama huyo si wa dini yetu. Alimshika mtoto kidevu, akamtazama kwa muda mrefu, akasema uso ule anaujua. Akamwita kwa jina la babu yake aliyekufa zamani, kama ilivyo desturi yao, na akatuuliza kwa nini tulikawia miaka minane.

Njiani kurudi mtoto aliniuliza kama bado anaruhusiwa kumwita mjomba wake baba. Nilimjibu kwamba kumwita hivyo kwa heshima na mapenzi hakuna makosa, maadamu katika vyeti na mirathi nasaba yake imewekwa mahali pake. Alitosheka na jibu hilo, akalala.

Mashine haichukui amana

Nimekisimulia kisa hiki ili lisomwe jambo moja. Filamu ilifungua mlango, lakini filamu haikuingia. Lau mtoto yule angeiangalia peke yake katika chumba kilichofungwa, suala lake lingebaki kifuani, na jibu angelipata siku nyingine kutoka kwa mchokozi. Kilichomfaa ni kwamba siku ile alikuwapo wa kuulizwa.

Ndiyo maana nasema suala la "tuwaachie au tuwanyime" limekosea mlango. Anayewanyima watoto kila kitu atawakuta kwenye kibanda cha video au kwa jirani, wakiangalia yaliyo mabaya zaidi. Anayewaachia kila kitu amemwajiri yaya asiyemjua. Wengi wetu tunajidanganya kwamba simu imemtuliza mtoto. Mtoto aliyetulia mbele ya simu hajatulia, amekwenda safari, nasi hatukumuuliza aendako. Mwenyezi Mungu atatuuliza kuhusu amana hii ya watoto, na siku hiyo hatutaweza kumsukumia jibu aliyetuuzia flashi.

Na watoto wetu watachora nini?

Kabla ya nasaha, nitaje jambo lililonikera. Mwaka 1994 Marekani ilitoa The Lion King, ikachukua kwetu mandhari na majina: Simba, Rafiki, na ule msemo wa hakuna matata ambao watu wa pwani wanaujua tangu Them Mushrooms wa Mombasa walipouimba miaka ya 1980. Filamu ile ilipata Oscar mbili za muziki. Mwaka 2003 kampuni ya Disney ikasajili maneno hayo huko Marekani kama alama yake ya biashara. Lugha ni yetu, na sisi tulikuwa watazamaji. Tangu fungu la katuni ndefu lianze mwaka 2002, hakuna filamu ya Afrika Mashariki iliyoingia katika orodha ya mwisho.

Zamani tungesema ni umaskini. Lakini Latvia ina watu wasiofika milioni 2, wakati Bungoma na Trans Nzoia pekee, kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, zina zaidi ya 2,600,000. Kijana wa miaka 30, Gints Zilbalodis, aliitengeneza Flow kwa Blender, programu ya kompyuta ambayo hutolewa bure kwa kila anayeitaka. Na mikono ya kazi hiyo tunayo. Tinga Tinga Tales, iliyoonyeshwa Uingereza kuanzia mwaka 2010, ilichorwa Nairobi kwa mtindo wa michoro ya Kitanzania. Ubongo Kids ya Dar es Salaam imekuwa ikiwafundisha watoto hesabu kwa Kiswahili tangu 2014. Tuna Abunuwasi, tuna Sungura na Fisi, tuna visa vya Manabii vinavyoweza kusimuliwa bila kuwachora wenyewe. Kijana wa madrasa mwenye kipawa cha kuchora asikemewe kabla hajaulizwa anataka kuchora nini. Lakini hatatokea mchoraji wa hadithi zetu katika nyumba ambayo hakuna anayesimulia hadithi. Na hilo pia ni kazi ya mlezi.

Nasaha

Kwanza, mzazi asiwaonyeshe watoto filamu asiyoijua. Kama hana wasaa wa kuiangalia yote, atazame alama ya umri, na amuulize aliyekwisha kuiona. Jina la katuni si cheti cha usalama.

Pili, aketi nao, japo filamu moja kwa wiki. Simu yake aiweke mbali kama anavyoiweka wakati wa sala.

Tatu, filamu ikiisha runinga izimwe, na watoto waulizwe: nani alikosea, nani alisubiri, wewe ungefanya nini? Kisha anyamaze awasikilize. Atayasikia ambayo hakuyatarajia.

Nne, anayelea yatima asisubiri filamu wala mchokozi. Amwambie mtoto ukweli mapema, kwa maneno ya umri wake, na amfunge na ukoo wake. Anayetaka kurekebisha vyeti au kuandika wasia amwone Kadhi wa eneo lake.

Tano, kazi ya mtu ni mali yake. Flashi za kunakiliwa bila idhini ni dhuluma, hata kama aliyedhulumiwa yuko Hollywood. Zitafutwe kwa njia ya halali, na kama gharama ni kubwa, familia tatu zichangiane na kuangalia pamoja, na hapo zitapata pia baraka ya ujirani.

Kwa wale waliotaka jibu la mkato: Flow na Wallace & Gromit ni za nyumba nzima. The Wild Robot ni ya nyumba nzima, na mzazi awe tayari kwa masuala. Inside Out 2 ni ya mabinti na wavulana wanaokaribia kubaleghe, na mzazi aongeze habari ya Mola iliyokosekana. Memoir of a Snail iondolewe katika flashi leo, kabla ya Maghrib.

Mwenyezi Mungu atujaalie watoto wetu wawe kiburudisho cha macho yetu, awarehemu wazazi waliotangulia, na awape subira na ikhlasi wote wanaolea wasiowazaa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.